Siku Tuliyofika Mara Mbili

Mwanangu, nimesikia mnajipanga Jumamosi hii kuvuka mpaka, kwenda Zambia asubuhi na kurudi jioni, kutafuta asili ya jamaa. Vizuri sana. Nimesikia pia kwamba mmekwisha kumchagua msemaji, na kwamba amechaguliwa yule mwenye diploma mbili. Hapo ndipo nilipoweka kikombe changu chini. Kabla hamjawasha gari, kaeni kwanza. Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na babu yenu asije akaambiwa nimesema hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Nilikuwa karani wa kuchapa katika ofisi moja ya mgodi hapa Kolwezi, na kati ya mabinti wote wa mtaa wetu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mashine yangu ya kuchapa kazini, viatu vya kisigino kirefu, na Kifaransa cha kujibizana na wakubwa. Nilivimba kichwa, sifichi. Ukinisalimia asubuhi nilikuwa naitikia kwa nyusi.

Mama yangu jina lake la ubatizo lilikuwa Pelajia, la nyumbani Kisela. Yeye alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya wafanyakazi. Lakini mama yake, bibi yangu Kabwita, alitoka ng'ambo, kwenye vijiji vya Wakaonde. Alimfuata mume aliyekuja kutafuta kazi ya shaba, na hakurudi tena kwao. Alikufa Mama akiwa msichana wa miaka kumi hivi. Hakumwachia shamba wala nyumba. Alimwachia jina la ukoo wao, kwamba wao ni watu wa Mbuzi, na jina la kaka yake aliyebaki kijijini, Kayombo.

Baba yangu, ambaye sote tulimwita Tata, alikuwa fundi wa reli, Mluba wa kaskazini. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Kwa Waluba mtoto ni wa baba. Kwa Wakaonde mtoto ni wa mama, na ukoo unapita kwa mama, kwa mama wa mama, na kwenda juu hivyo hivyo. Sisi watoto tulikulia kwa desturi ya Tata, tukadhani dunia nzima inahesabu kama sisi. Nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake, nami sikuwa nimelala hata usiku mmoja katika nyumba ya ukoo wa mama yangu.

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, kaka yangu mkubwa alifariki kwa homa. Ukoo wa Tata ulijaa uani, wake kwa waume. Ilipofika zamu ya upande wa mama kusimama na kusema neno, hakusimama mtu. Tulingoja. Ndipo shangazi yangu mmoja aliposema kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia: "Mutamungojea nani? Huyu haiko na kwabo. Banamuokotaka tu."

Mama alikuwa amekaa pale pale, karibu na mwili wa mwanawe. Neno hilo la kwamba hana kwao alikuwa amelisikia karibu miaka thelathini, kwenye ugomvi wa chumvi na kwenye harusi, na siku zote alilimeza. Siku ile halikumezeka. Baada ya matanga alimwambia Tata jambo moja tu: "Mi nataka nifike kwetu mbele nife. Siku moja tu, bamwite jina yangu, basi."

Mungu si Athumani. Mama mmoja aliyekuwa akivusha asali kutoka ng'ambo na kuiuza hapa sokoni alimwambia Mama kwamba mzee Kayombo yu hai, na kwamba mara kwa mara huwauliza wasafiri habari za dada yake aliyepotelea Kongo. Tata akaazima kamioneti ya parokia. Padri alitoa kwa sharti: gari lirudi siku hiyo hiyo, kwa kuwa Jumapili alfajiri lina safari yake. Na mpakani kizuizi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo Mama alikuwa na siku moja tu kweli, kama alivyoomba.

Nami nikajitia kiherehere. Nikasema, jamaa isiende kama kundi la watu wasio na mpango. Lazima tuwe na karatasi. Nikabaki ofisini mchana wakati wenzangu wanakula, nikachapa ukoo wetu: Tata, baba yake, babu yake, mpaka mtu wa saba juu, majina kwa herufi kubwa, mistari imenyooka. Chini kabisa nikaandika mstari mmoja wa Mama: "Pelajia, mke, binti wa Maria." Maria ndilo jina la ubatizo la bibi. Nikapiga muhuri wa tarehe, hivi hivi tu, kwa sababu muhuri ulikuwapo.

Mama aliangalia karatasi ile akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Hakuwa anajua kusoma. Nilipomsomea, akaniambia: "Muzuri. Lakini tukifika, usiharakishe. Tutaikala chini, batatupa kitu ya kukunywa, tutakunywa. Bakituuliza, uanze na siye, bantu ba Mbuzi. Tata yako atakuya nyuma."

"Mama, ile ni mambo ya zamani," nikamjibu. "Uniachie. Mi najua kusema na bantu."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama yangu alinifunza, mwanangu, tena kwa upole. Sikufunzika, ndiyo sababu ulimwengu ukapata kazi.

Tulitoka kabla jua halijachomoza: Tata kwenye usukani, Mama katikati na kitenge chake kipya, mimi dirishani. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu mpaka meno yakawa na mchanga. Mpakani afisa aliuliza tunatoka wapi na tunakwenda wapi, nami nikajibu yote, hata aliyoulizwa Mama. Akatupa kibali cha siku moja akatuonyesha saa ya ukutani. Saa tano hivi tukafika kijijini kwa Kayombo. Tata alitaka kuliacha gari barabarani, tutembee kilometa moja ile ya njia ya miguu kwa heshima. Nikasema hapana, muda ni mfupi, njia inapitika. Tukaingia na gari mpaka katikati ya nyumba, kuku wakatawanyika.

Mzee Kayombo alikuwa katika kibanda cha wazi, pale wanapokutana wanaume, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa mwembamba, kofia ya sufu kichwani na jua lote lile. Ujanani alifanya kazi Likasi, huku kwetu, kwa hiyo Kiswahili chetu alikijua vizuri. Watu walikuja, kumi, ishirini, wakakaa. Mwanamke mmoja akatuletea munkoyo katika kikombe kikubwa, kile kinywaji chetu cha mizizi ambacho mnakijua. Akanipa mimi kwanza kwa kuwa nilisimama mbele. Nikawaza barabara ya kurudi na tumbo langu.

"Hapana, mama, merci," nikasema. "Tulikula mu njia."

Yule mwanamke alikirudisha kikombe kifuani akamtazama mzee. Mimi sikuona kitu. Mtu anayekataa kinywaji cha kwanza amesema bila kusema kwamba anaogopa kuwekewa kitu ndani yake. Kila aliyekaa pale alilielewa hivyo, na Mama pia, maana nilisikia akivuta pumzi.

Nikafungua karatasi. Nikasoma wima, na viatu vyangu vya kisigino vikizama mchangani. Nikamtaja Tata, na baba yake, na babu yake, wote saba. Nikamaliza kwa kumwonyesha Mama kwa mkono, kama unavyoonyesha mzigo uliokuja pamoja na abiria, nikasema: "Na huyu ni bibi yake, Pelajia, mutoto ya Maria." Bibi, kwa Kiswahili chetu cha kusema, ni mke.

"Maria," mzee akasema, haachi kuchonga. "Huyu Maria alikuwa wa ukoo gani?"

Sasa, mwanangu, ulimi hauna mfupa. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, Mama alikuwa amelitia yeye mwenyewe. Lakini niliona mzee ananichelewesha kwa vitu vidogo. Nikasema: "Nkambo, ile haina mpango. Leo bantu banafwata tata." Nkambo, ndivyo tunavyowaita mababu na mabibi huku kwetu. Nilitumia neno la heshima kubebea ufidhuli.

Kisu kikasimama juu ya mpini.

"Mutoto," akasema taratibu, "mi nilisikia. Ulihesabu bantu saba, bote banaume, na hakuna hata moya mwenye alizaa huyu mama. Unisikie na mie sasa. Huku kwetu, muntu mwenye hana ukoo ya mama yake ni muntu mwenye baliuzaka. Ni mutumwa. Huyu mama uko naleta hapa, ni mutumwa ya tata yako?"

Tata akavua kofia yake. "Tata," akamwambia mzee, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "ni mutoto ya Kabwita. Ni mutoto ya dada yako."

"Najua," mzee akajibu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti haikutetemeka. "Nilijua tangu alishuka mu motokari. Anatembea sawasawa Kabwita. Lakini hawa bantu bote balisikia. Nikimupokea na ile papye ulisoma, kesho batasema Kayombo alipokea bibi ya Muluba. Hawatasema alipokea mutoto yake. Mi sitaki afike kwabo hivi." Akaelekeza kisu barabarani. "Murudiye kule. Mufike tena."

Mwanangu, nilikasirika. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi, karani, nirudishwe barabarani kama mtoto aliyeingia darasani kabla ya kubisha hodi! Nilikuwa nimefungua kinywa kumwambia saa, kizuizi, padri. Nikageuka kumtafuta Mama aniunge mkono.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinavuta uzi kwenye pindo la kitenge kipya, vinavuta na kuvuta. Niliwahi kumwona amekaa hivyo mara moja tu, kwenye matanga ya kaka yangu, shangazi alipokuwa akisema. Hapo nikaelewa nilichofanya. Maneno ya shangazi yalisemwa na mtu wa mbali, mbele ya watu wa mbali. Mimi, mtoto wake wa kuzaa, nilikuwa nimeyasema tena mbele ya watu wake mwenyewe, kijijini kwa mama yake, katika siku moja aliyoiomba. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasimama kidogo, hata kama nilikuwa naosha vyombo.

Tata alilitoa gari kimya kimya, nasi wawili tukafuata nyuma kwa miguu. Viatu nilivivua, maana kisigino na mchanga havipatani. Mchanga ulikuwa unachoma. Tulipofika barabarani Tata alizima injini, tukasimama watatu kando ya gari.

"Mama," nikasema, "unifundishe."

"Leo njo unauliza?"

"Leo, Mama."

Alinitazama kwa muda mrefu, akipima kama ni mimi. Kisha akaanza. Yeye, Kisela, ni mtoto wa Kabwita. Kabwita ni mtoto wa Nsamba. Nsamba ni mtoto wa Lukonde. Alisema mama yake alikuwa akimfanya arudie majina hayo kila jioni akipepeta unga, na akikosea moja, unga unasubiri, chakula kinachelewa. Miaka ishirini na miwili nimelala nyumba moja na mwanamke anayejua mambo hayo, nikajua majina ya wakubwa wote wa ofisini na wake zao, na sikuwahi kumwuliza mama wa bibi yangu aliitwa nani. Unaona kichwa kilichosoma kinavyoweza kuwa tupu?

Tulipoanza kurudi kwa miguu, mimi nikirudia chini chini, Kisela, Kabwita, Nsamba, Lukonde, Tata alisimama njiani. Akamwambia Mama bila kumtazama: "Mi niliwasikia badada yangu. Miaka yote. Nikanyamaza. Unisamehe."

Mama hakusema amemsamehe. Alisema, "Twende, jua inapita." Lakini alimpa mfuko wake ambebee, na kwa Mama huo haukuwa msamaha mdogo.

Tulifika, basi, mara ya pili. Tulisimama pembeni mwa nyumba ya kwanza tukapiga makofi mpaka tukaitikiwa. Mama alitangulia. Tukakaa chini, chini kabisa, mchangani. Sketi yangu ya ofisini ikapata alama ambayo haikutoka tena. Wale watu ishirini walikuwa wamekaa vile vile, kana kwamba hawajawahi kutuona. Hakuna aliyetabasamu kwa kejeli. Mzee Kayombo alikuwa ameweka kisu kando na kuvaa koti.

Mwanamke yule yule akaleta munkoyo. Alinipa mimi tena kwanza, na safari hii macho yake yalikuwa makali kidogo. Nilikunywa. Nilikunywa mpaka wengine wakaanza kuguna kwa kicheko, maana kikombe kile ni cha watu wote. Nikampa Mama, Mama akampa Tata.

Nilikuwa naisikia saa ya Tata mkononi mwake. Hatimaye mzee akauliza, kama mtu asiyejua: "Mulifika. Munatoka fasi gani? Muko banani?"

"Nkambo," nikasema, "siye tuko bantu ba Mbuzi. Huyu ni Kisela. Mi ni mutoto yake. Kisela alizaliwa na Kabwita. Kabwita alizaliwa na Nsamba. Nsamba alizaliwa na..."

Likapotea. Mbele ya watu wote jina la nne likapotea. Nilimwangalia Mama, naye akaangalia mbele, hakunisaidia hata kwa ukope. Alikuwa na haki. Nikafumba macho, nikawaza mwanamke anapepeta unga na mtoto mwenye njaa mbele yake.

"Alizaliwa na Lukonde," nikasema.

Mzee Kayombo akaendelea pale pale nilipoishia, bila kupumzika. Lukonde alizaliwa na fulani, na huyo fulani na fulani, wanawake wengine watano, mpaka yule aliyevuka mto na mtoto mgongoni akaanzisha kijiji. Kila jina wazee wanawake wakalipigia makofi. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na bonge la udongo mweupe. Akampaka Mama kwenye paji la uso na mikononi kuanzia kiwiko. Mama alikuwa na miaka hamsini, na mbele ya yule mzee alikuwa amekaa kama msichana.

"Kisela, mutoto ya Kabwita," akasema, "uko na kwenu. Ni hapa. Tulikungojea mingi."

Mama alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kwa namna ambayo hakulia kwenye matanga ya mwanawe, na hakuna aliyemnyamazisha. Nami nililia. Tata pia, ingawa mpaka anakufa alisema lilikuwa vumbi la barabara. Tungeendelea hivyo mpaka jioni, kama si bibi mmoja mnene wa ukoo wa Chui aliyekuja akicheza, akamshika Mama shingo na kupiga kelele kwamba leo mbuzi amejileta mwenyewe mpaka mlangoni kwa chui, tena mbuzi aliyenona kwa chakula cha mjini. Ndio utani wao, Chui na Mbuzi, tangu zamani. Mama, ambaye hakuwahi kutaniwa na mtu wa ukoo wowote maishani mwake, akamjibu palepale kwamba mbuzi huyu ana pembe. Watu wakaanguka kwa kucheka.

Wakaleta bukari, yaani ugali, ya mtama na maharage. Tata akatazama saa yake waziwazi. Mzee akamwambia: "Mukwe, ile saa ni ya mupaka. Huku, kula." Akala. Nikala mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyenilazimisha.

Kuhusu barabara ya kurudi sina la kusema ila kwamba Tata aliendesha gari la padri kwa namna ambayo padri hakuambiwa. Tulifika kizuizi bado kiko juu, afisa ameshika kamba. Akachungulia dirishani. Akamwona Mama, paji la uso jeupe, mikono myeupe, amekaa wima.

"Mama," akamwuliza, "munatoka wapi?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Mazoea ni mazoea. Mama akaniwekea mkono wake juu ya paja.

"Mi natoka kwetu," akasema.

Afisa akasema haya, pita, na kuteremsha kizuizi nyuma yetu. Hakujua amemsikia nani. Mzee Kayombo alifariki kabla ya mvua za mwaka huo. Tungengoja msimu mmoja zaidi, mimi nimalize kwanza kupanga mistari yangu, tungekuta kaburi.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na siwapi kama mtu mwenye shaka. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli, lakini kuna jambo la kuongeza: unaweza kuiacha asili yako huku unaifuata kwa gari, kama utahesabu tu wale uliozoea kuhesabu. Sisi wa Kolwezi ni mabingwa wa kuchimba. Kule mtaani Kasulo watu walichimba madini mpaka chini ya vitanda vyao, lakini mtoto wa nyumba hiyo hiyo ukimwuliza mama wa bibi yake ni nani, anakodoa macho. Anza hapo. Kabla ya Jumamosi, kila mmoja wenu akakae na mama yake, simu imezimwa, amwulize majina. Kama mama hayupo, aende kwa mama mdogo. Kuuliza si ujinga. Mimi nimekwisha kuwaonyesha ujinga uko wapi.

Na mkifika, fikeni. Msimsomee mtu ambaye bado hajawakaribisha. Acheni gari barabarani. Kunyweni mtakachopewa, hata kama diploma mbili zinanong'ona kuhusu tumbo. Haraka haraka haina baraka, na baraka ndiyo mnayoifuata kule, si picha. Yule msemaji wenu ni kijana mzuri, nampenda, lakini kwanza mwulizeni safari hii ni ya nani. Nimeona dada yenu mkubwa anavyonyamaza kila mkitaja ng'ambo. Mama yake, tofauti na wenu, alizaliwa kule. Labda ni yeye anayehitaji kufika, nanyi wengine ni wa kumsindikiza. Mwenye safari yake asisemewe. Mkimsemea, hata kwa nia njema, hata kwa lugha tamu, mtamfanya mgeni mlangoni kwao.

Na kama mtakosea, maana mtakosea, ninyi ni damu yangu, msione haya kurudi barabarani na kuingia tena. Hakuna aliyekufa kwa kufika mara mbili. Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Nendeni sasa. Kabwita na Nsamba na Lukonde, na wale watano waliowatangulia, wawafungulie njia. Barabara iwashike vizuri, mfike mpakani mapema, chakula chao kikae salama matumboni mwenu. Mungu awape wa kuwapokea kila mtakapobisha hodi, na siku mtakapoulizwa mnatoka wapi, kila mmoja wenu awe na jibu lake mwenyewe mdomoni.